Nilivyofundisha Wenzangu Kuacha Ugoro

Nilianza kubwia ugoro nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, kwa sababu ya jino. Lilinishika wiki ya kupalilia tangawizi, shavu likavimba hata jicho moja likafumba nusu. Mama mkwe wangu, ambaye hapendi kuona mtu amelala mchana, aliniletea unga wa kahawia kwenye kipande cha karatasi. Aliniambia niuweke chini ya mdomo, kwenye fizi, na nisimeze mate. Nilitapika mara mbili. Mara ya tatu jino likanyamaza. Kesho yake liliamka tena, na safari hii niliuomba ugoro mwenyewe. Jino lile nilikuja kuling'oa baada ya kujifungua. Jino likaenda, ugoro ukabaki.

Kwetu Mamba, huku mlimani, wanaume wanaovuta sigara husemwa kanisani na husemwa nyumbani. Wanawake wazee wenye ugoro hawasemwi na mtu. Ni kama kumsema mtu kwa kufunga kilemba. Lakini mimi sikuwa mzee. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, na mume wangu ni mzee wa usharika. Mwanamke wa namna yangu akibwia, hujificha. Nilianza kwa kujificha kidogo, halafu sana. Mume wangu aliujua ule ugoro wa mwanzo, wa jino. Jino lilipotoka aliniuliza kama nimeacha, nikamwambia nimeacha. Hakuniuliza tena. Kwa miaka kumi na minne niliishi ndani ya jibu lile, na kila mwaka lilizidi kunibana.

Nilijifunza ufundi wake. Kikopo kidogo cha mafuta ya mgando nilikitia ugoro, nikakifunga kwenye pindo la khanga ya ndani. Nilibwia shambani, nikiinama, na mate nikayafukia kwa jembe. Nikirudi nyumbani nilitafuna tangawizi mbichi kuua harufu, na kwa kuwa nyumba yetu nzima hunuka tangawizi, hakuna aliyeshangaa. Siku ya ibada ndefu nilijua ni wimbo gani nitatoka nao nje, kama mtu anayekwenda chooni, na ni wimbo gani nitarudi nao. Wageni wakikaa sana niliwachukia. Safari ya kwenda kumwona dada yangu huko Kifaru, ambayo zamani niliipenda, niliipunguza, kwa sababu kwake tunalala chumba kimoja na watoto na hakuna pa kujifichia.

Halafu mkutano wa kijiji ukanichagua kuwa mhudumu wa afya. Nilikuwa nikiandika mihutasari ya kikundi cha wakulima wa tangawizi na watu waliupenda mwandiko wangu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sababu kubwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutembelea wajawazito, kupima uzito wa watoto, kukagua vyoo. Niliipenda. Mwaka wa pili, muuguzi wa zahanati yetu, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo asiyesahau neno aliloambiwa, alisema amechoka kuwapa watu dawa ya kikohozi na kuwatazama wakiwasha sigara getini. Alitaka kijiji kiwe na kikundi cha kuwasaidia watu kuacha tumbaku. Alitaka nikiongoze mimi.

Nilipelekwa Same kwa mafunzo ya siku tatu. Nilikwenda nikiwa na amani kabisa, maana kwa akili yangu tumbaku ilikuwa sigara. Asubuhi ya kwanza mkufunzi alipanga vitu juu ya meza: pakiti ya sigara, msokoto wa karatasi, kipakti cha kuberi, ile tumbaku ya kutafuna, na mwisho, kwenye kisosi cheupe, ugoro. Akasema kinachomfunga mtu ndani ya vyote vinne ni kitu kimoja, na kwamba ugoro huharibu fizi na mdomo, na mwenye mimba akiutumia humdhuru aliye tumboni. Nikamkumbuka mtoto wangu wa pili, aliyezaliwa mdogo kama njiwa.

Wakati huo nilikuwa nao mdomoni. Nilikuwa nimeuweka kabla ya kuingia, nikitegemea mapumziko yako karibu. Mate yalikuwa yamejaa na sikuwa na pa kutema. Mkufunzi akanyoosha kidole, akaniomba nisimame niwasomee wenzangu maelezo yaliyobandikwa ukutani. Watu thelathini wakageuka kunitazama. Nilimeza. Nilimeza mate na ugoro na kila kitu, nikasimama, nikasoma kwa sauti safi madhara ya tumbaku isiyo na moshi, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Walinipigia makofi. Tumbo liliniwaka hadi alasiri.

Niliporudi nyumbani nilijiambia nitaacha kabla kikundi hakijaanza, na hakuna atakayejua. Nilishinda siku nne. Siku ya tatu kichwa kilinigonga hata nikashindwa kutafuna makande. Siku ya nne binti yangu aliangusha sahani, nami nikampiga kofi ambalo sijawahi kumpiga mtoto. Alinitazama bila kulia. Nikaenda nyuma ya zizi nikabwia, mikono ikatulia, nikarudi kumwomba radhi kwa sauti ya upole. Upole ule ulikuwa wa ugoro.

Kikundi kilianza. Tulikutana kila Jumatano mchana katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, wanapoweka mabenchi ya kwaya. Walikuja watu saba, wengi wanaume, wengine wakisukumwa na wake zao. Aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe alikuwa dereva mmoja wa bodaboda, mtu wa makamo yangu, baba wa watoto watatu. Alianza kuvuta siku alizokuwa utingo wa mabasi. Mtoto wake wa mwisho ana pumu, na usiku mmoja, alivyotuambia, mtoto alimsukuma kifuani alipotaka kumbeba, akisema baba ananuka. Alisema hayo akitazama sakafu, na tangu siku hiyo hakuwasha sigara.

Aliniita mwalimu. Kila Jumatano alitueleza mwili wake unavyofanya: mikono inavyotafuta mfuko wa shati bila yeye kuituma, anavyoamka na hasira na hana wa kumkasirikia. Nilimpa vipande vya tangawizi kavu avitafune hamu inapopanda, nikamwambia anywe maji, atembee, ahesabu pumzi. Vilimsaidia. Mke wake alinitumia mkungu wa ndizi kwa shukrani. Niliupokea, nikazipika zile ndizi, na kila niliyempakulia aliniuliza zimetoka wapi.

Wiki ya tatu aliingia mtu ambaye sikumtarajia. Ni mjane mmoja mzee ambaye kila siku ya soko huuza karanga, mbegu za maboga na, chini ya gunia, ugoro. Ugoro wangu wote niliununua kwake, kwa miaka mingi. Nilisimama na kalamu mkononi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusikiliza."

Alikaa benchi la mbele. Alitueleza kwamba alikuwa na kidonda mdomoni kisichopona, muuguzi akampeleka hospitali, wakakikata kipande wakakipima. Hakikuwa kibaya, ila walimwambia akiendelea anaweza kurudi na kibaya. Alikuwa amebwia tangu akiwa msichana. Nilifundisha somo la siku ile kwa kichwa chepesi kama cha mgonjwa, nikijua kwamba neno moja lake lingeniua mbele ya wote. Hakulisema. Watu walipotoka, yeye alibaki akijifunga khanga polepole.

"Ule uliobaki nimeumwaga chooni jana," akaniambia. "Siuzi tena. Sasa wewe utapata wapi?"

Nilianza kukusanya karatasi zangu.

"Tuache pamoja basi. Mimi mzee, nitahitaji mtu."

"Bibi, tafadhali, usiwaambie."

Alikaza fundo la khanga. "Nimeacha kuuza ugoro," akasema, "nianze kuuza maneno?"

Nilipaswa kushukuru. Badala yake, kuanzia siku ile, chumba kile kilikuwa kidogo zaidi. Jumatano aliketi mbele yangu akiwa anatetemeka, bila ugoro, mzee wa miaka sabini na zaidi, nami mwalimu wake nilikuwa nao kwenye fizi. Aliniona. Alijua mdomo wangu ukiwa mtupu ulivyo na ukiwa na kitu ulivyo. Hakukunja hata uso.

Akiba yangu iliisha. Mama mkwe alikuwa na wake, tunakaa ua mmoja, lakini kumwomba kungekuwa kumwambia. Nikabaki nikisubiri mwisho wa mwezi, siku ya kupeleka taarifa zangu Same.

Siku hiyo nilipanda gari la alfajiri, na yule dereva wa bodaboda alikuwa ndani. Alikwenda kununua kipuri. Alinipisha dirishani, na njia nzima ya kushuka mlima alikuwa akinihadithia, kwa furaha ya kitoto, kwamba amemaliza wiki ya tano, na kwamba mtoto sasa hulala kifuani kwake. Tuliingia tambarare, joto likapanda, miiba na vumbi pande zote. Nilimsikiliza nikiwa sijabwia tangu juzi yake. Jasho lilinitoka mgongoni. Akasema labda ni joto la huku chini, akanifungulia dirisha.

Nilikabidhi taarifa ofisini nikaenda sokoni, upande wa nyuma, ambako mama mmoja wa Kimaasai huuza dawa za miti na ugoro. Sikungoja kufika popote. Nilizunguka nyuma ya mashine ya kusaga, nikavuta mdomo wa chini, nikaweka, nikafumba macho hadi kichwa kikafunguka. Nilipoyafumbua, dereva alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipo, na kiboksi cha kipuri mkononi.

"Nilikuwa nakuita, mama," akasema. "Gari linaondoka."

Kabla ya hapo hakuwahi kuniita mama. Ndani ya gari alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Mimi nilikaa dirishani na watu wawili na viroba vyao wakanifungia njia. Sikuweza kutema na sikuweza kuondoka. Tulipoanza kupanda mlima nilitoa kitambaa, nikautoa ugoro mdomoni mbele ya kila mtu, nikaukunja ndani yake. Hakuna aliyejali. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na sababu ya kujali, naye alikuwa nyuma yangu.

Jumatano hakuja. Jumatano iliyofuata hakuja. Nilikwenda kwao, nikamkuta mke wake akipepeta maharage. Aliniambia mume wake alianza tena kuvuta siku ile ile aliyotoka Same, na akiulizwa kwa nini, hasemi. "Labda wewe, mwalimu, atakusikia," akaniambia. Mtoto mwenye pumu alikuwa amekaa mlangoni akichora chini kwa kijiti. Nilisema nitamtafuta.

Nilimkuta kijiweni, amekaa juu ya pikipiki yake, na sigara. Hakuificha. Alinisalimu kwa adabu, akashuka, tukasogea pembeni. Nilianza kueleza habari za jino, za mimba, za miaka ile yote. Aliniacha nimalize.

"Sikukasirika kwa sababu unabwia," akasema. "Mama yangu alibwia. Lakini nilipokuwa nasema mikono inanitetemeka, ulikuwa unanitazama kama mtu anayesikia habari za mbali. Ungesema tu, hata mimi. Neno moja tu, hata mimi."

Nikamwambia pole. Akasema nimepoa, akaitwa na abiria, akaondoka.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikaa kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa letu la maji ya kumwagilia, nikitazama maji yanavyopungua. Niliona wazi kwamba nilikuwa nimejijengea chumba kisicho na mlango: nikiendelea kufundisha ninaongopa, nikiacha kufundisha nitaulizwa kwa nini, na nikisema ukweli, mume wangu atausikia kutoka kwa watu. Hilo la mwisho ndilo nililoweza kulipunguza. Jumatano asubuhi, kabla ya kikundi, nilimfuata mume wangu alikokuwa akifungafunga mirija ya maji, nikamwambia kwamba lile jibu la miaka kumi na minne lilikuwa la uongo.

Hakuacha kazi. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote. Mto wetu wa kulalia unanuka."

"Na hukusema?"

"Uliniambia umeacha. Nilikuwa nangoja iwe kweli."

Nilitamani angenipigia kelele. Miaka yote niliyodhani niko peke yangu mle ndani, kumbe tulikuwa wawili, na yeye hakuwa na kosa lolote la kufungiwa.

Mchana nilisimama mbele ya kikundi, nikatoa kikopo pindoni nikakiweka juu ya benchi, nikasema. Sikusema vizuri. Nilianzia mwisho, nikarudi katikati. Mzee mmoja alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama anayeshindwa kupata jambo jingine la kufanya. Mama mmoja, aliyekuwa anamleta mwanawe mvuta sigara, alisimama akasema hakupoteza Jumatano zake ili aje kufundishwa na mlevi wa ugoro. Akatoka na mwanawe, na mwingine akawafuata. Yule mjane akasogeza mkoba wake pembeni, akapigapiga benchi pale alipokuwa amekaa.

"Njoo ukae huku," akasema.

Nikakaa. Siku ile hakuna aliyesimama mbele.

Habari zilifika zahanati kabla sijafika mimi. Muuguzi alinisikiliza kwa ile sauti yake ndogo, akaniambia jambo lililomuuma ni taarifa zangu za kila mwezi, kwamba mle ndani niliwaandika wote isipokuwa mmoja. Akamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Waliniacha niendelee na wajawazito na watoto, ila kikundi kikachukuliwa na mjane, ambaye hajui kusoma vizuri, na mimi nikaandikwa kama mwanakikundi. Kwa miezi kadhaa baadhi ya akina mama walinifungulia mlango nusu. Mmoja aliniuliza kama nimenawa mikono kabla ya kumgusa mtoto wake. Nilikuwa nimenawa. Nikanawa tena.

Kuacha kwenyewe siwezi kukusimulia kwa uzuri. Wiki za kwanza nilitembea kama mtu aliyepoteza kitu akasahau ni kitu gani. Mjane alikuja nyumbani karibu kila asubuhi, tukakaa jikoni tukimenya maharage hata yasiyohitaji kumenywa, ili mikono iwe na kazi. Ulipopigwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuzoa tope la ndiva, nilichimba siku mbili mfululizo hata wanaume wakaniambia nipumzike. Nilikuwa naogopa kupumzika.

Shida kubwa ilikuwa uani kwangu. Mama mkwe hajaacha na amesema hataacha. Ana ugoro wake kwenye pembe ndogo ya mbuzi, na jioni hukaa kwenye kigoda chake mlangoni akibwia, upepo ukileta harufu hadi jikoni. Siku za mwanzo alikuwa akiniita kabisa, "Njoo uonje kidogo, uso wako umekuwa kama wa mgonjwa," na hakuwa na nia mbaya, kama hakuwa nayo siku ile ya jino. Huwezi kumhama mama mkwe. Huwezi kumwambia mzee aondoke mlangoni kwake. Mara mbili nilikwenda nikaonja. Mara zote mbili nililisema kikundini Jumatano yake, na mara zote mbili walinisikiliza, mjane akauliza ilikuwa saa ngapi na nilikuwa nimekula au sijala, kama mtu anayeuliza habari za homa.

Sasa umepita mwaka na miezi tangu mara ile ya pili. Kikundi kina watu kumi na mmoja. Yule mama aliyetoka kwa hasira amemrudisha mwanawe, ingawa yeye mwenyewe humngoja nje. Mume wangu hajawahi kulizungumza tena jambo lile, ila siku moja niliona ametupa mto wetu wa zamani na kununua mpya, nami sikumuuliza.

Dereva hajarudi kikundini. Hunibeba nikiwa na safari za vitongoji vya juu, kwa sababu pikipiki yake ni nzima na ni mtu mwangalifu kwenye utelezi, na ninapokaa nyuma yake nasikia moshi kwenye koti lake. Wiki iliyopita tulikuwa tunapanda kwa mjamzito mmoja, ukungu umetanda, akapunguza mwendo kwenye kona akaniuliza, bila kugeuka, ile ya kichwa kuuma ilinichukua muda gani kuisha.

Nikamwambia kwamba kichwa kiliacha kuuma ndani ya mwezi mmoja. Hamu haijaisha. Nikamwambia hata asubuhi ile, wakati namngoja, niliutamani ugoro.

"Hata leo?" akauliza.

"Hata leo."

Tulifika, akazima pikipiki, akaniambia atanisubiri pale nje hadi nimalize.